Mpiga Besi Anaitwa Nani?

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wanafunzi wapya wa uandishi wa habari, siku tulipokuwa tukilikaribisha kundi jipya linalokwenda kulelewa na wakongwe wa fani hapa Dar es Salaam. Wengi hamkufika, mvua ya siku ile mnaijua wenyewe. Naiweka yote kama nilivyoisema. Picha nilizokuwa nikionyesha ukutani nimeziacha, hazikuwa na maana kubwa.

Walimu wangu, ndugu waratibu, wazee wetu mliokubali kutulea, na nyie wadogo zangu mliojibanza huko nyuma mkidhani sitawaona: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa asiyekuwamo katika hizo mbili, habari za mchana.

Nimepewa dakika ishirini. Mzee aliyenilea yupo, yule pale mwenye barakashia na miwani ya kamba, na ameniambia mlangoni nisizidishe kumi na tano. Amesema mwandishi asiyejua kupunguza maneno ni kama fundi cherehani asiye na mkasi. Kwa hiyo nikizidisha, mjue nagombana naye.

Tuanze na mtihani. Kila mmoja afikirie wimbo anaoupenda kuliko zote. Umeshaupata? Anayejua nani ameuimba, anyooshe mkono.

Mikono yote. Vizuri. Anayejua nani ameutunga?

Minne. Mitano. Yule dada anasitasita, namhesabu. Sasa, anayejua nani amepiga besi?

Kimya. Huko nyuma nasikia mtu anasema "kompyuta". Sawa kaka, kompyuta. Na hiyo kompyuta ilijibonyeza yenyewe?

Mnacheka. Mimi swali hili niliulizwa mara ya kwanza nikiwa mwaka wa tatu, nimekaa kwenye benchi la kahawa Ilala, na sikucheka. Nililia, tena si kwa mfano. Mpiga besi anaitwa nani? Kwa miezi sita sikuulizwa swali jingine lililonisumbua kama hilo.

Niwaambie nilivyokuwa nimejipanga. Nilipoambiwa nimepata nafasi ya kulelewa na mwandishi mkongwe wa muziki, nilinunua viatu vipya. Nikajiona nyuma ya jukwaa, nimevaa kitambulisho shingoni, napiga picha na wasanii. Nikawaambia wenzangu wa bweni wasiwe wageni kwangu nikishakuwa mtu mkubwa. Kwenye makaratasi ya waratibu anaitwa menta. Mimi nilimwita Mzee, yeye akaniita binti, na nyuma ya jukwaa nililolitarajia ikawa ni lile benchi, vikombe viwili vya kahawa, kashata, na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Siku ya kwanza nilimpelekea uhakiki wangu wa wimbo mpya uliokuwa ukitamba wiki ile. Nilikuwa nimeandika, na nanukuu aibu yangu mwenyewe: "Wimbo huu ni mkali, umetulia, na mdundo wake ni wa hatari."

Mzee akasoma. Akavua miwani. "Mkali kama kisu au kama pilipili?" Nikanyamaza. "Umetulia. Jana ulikuwa na fujo?" Nikanyamaza. "Wa hatari. Niite polisi?"

Jamani! Watu wote wa kijiweni wakawa wanatusikiliza. Muuza kahawa akaacha kumimina.

Akachukua simu yangu, akaniwekea wimbo wa dansi wa bendi ya Mlimani Park, Sikinde wenyewe, wimbo ambao naujua tangu utoto kwa sababu hakuna harusi ya kwetu iliyokwisha bila huo. Akasema nisikilize mara saba. Mara ya kwanza waimbaji tu. Mara ya pili gitaa la solo. Ya tatu lile gitaa la pili linalojibizana na solo. Ya nne rithimu. Ya tano besi. Ya sita tumba na dramu. Ya saba tarumbeta na saksafoni. Baada ya kila mara nimwambie nimesikia nini, na nikisema "nzuri" nalipa kahawa.

Nililipa kahawa mara tatu.

Lakini mara ya tano, ndugu zangu, kikatokea kitu. Nilisikia besi inanyamaza. Inagonga noti mbili, tatu, kisha inanyamaza. Inamwacha mpiga tumba apite, kama mtu anayejibana kwenye mlango ili mwenzake mwenye ndoo ya maji apite kwanza, ndipo inarudi. Nimecheza wimbo ule nikiwa na miaka sita, nimeucheza nikiwa na miaka kumi na sita, na sikuwahi kuusikia ule ukimya. Nilipousikia, sikuweza tena kutousikia. Nikagundua kinachoniinua kitini miaka yote si yule mwimbaji niliyekuwa nikimsifia. Ni mtu mmoja asiyejulikana aliyeamua kutopiga.

Nikamweleza Mzee hivyohivyo, na mlango na ndoo yake. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Halafu akauliza: "Mpiga besi anaitwa nani?"

"Sijui."

"Basi hujamaliza kusikiliza."

Hapo ndipo nililia. Nilikuwa nimetoka jasho saa nzima, nikadhani nimefaulu.

Sasa naomba nisimame hapa kidogo, kwa sababu nyie ni vijana wa intaneti na najua mnawaza nini. Mnawaza: si angetafuta tu? Nilitafuta. Jina la bendi lipo. Jina la mwimbaji lipo. Mwaka wa wimbo kila mtu anautaja wa kwake. Mpiga besi, wapi! Mzee aliponiona nimechoka ndipo akanieleza sababu, na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya niipende kazi hii.

Bendi zetu za miaka ya 1970 zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Ndiyo iliyokuwa studio ya nchi nzima. Kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho. Santuri za bendi zetu zilichapwa Nairobi. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Katika miaka hiyo safari ya kwenda kurekodi na kuchapa Nairobi ikawa ya taabu na ya kujificha. Kwa hiyo nyimbo chungu nzima hazikupata sahani, hazikupata jalada, hazikupata karatasi yoyote iliyoandikwa nyuma nani kapiga nini. Zilibaki kwenye kanda za redio. Na sisi wananchi tulizipataje? Tulirekodi kutoka redioni kwa kaseti.

Sasa sikilizeni hili, maana mimi lilinisisimua mwili. Mtu anarekodi kutoka redioni. Kidole kiko kwenye kitufe. Anangoja nini? Anangoja mtangazaji anyamaze! Hakuna aliyetaka sauti ya mtangazaji kwenye kaseti yake. Na mtangazaji ndiye aliyekuwa akitaja majina. Tulingoja majina yaishe, ndipo tukabonyeza.

Nakuombeni mlitafakari hilo mkilala leo. Hatukuwaficha wale watu kwa chuki. Tuliwakata kwa mapenzi ya wimbo.

Mimi ni mtoto wa Morogoro. Nilipomwambia Mzee, akashangaa kama vile nimemwambia nimetoka ikulu. "Unatoka mji wa Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, halafu umepanda basi kuja Dar kutafuta stori?" Akanipa nauli ya kurudi. Akaniambia nikamhoji babu yangu.

Babu yangu ni mtu wa santuri. Anazo kumi na nane, amezifunga kwenye shuka, na gramafoni iliharibika kabla sijazaliwa. Kwa hiyo babu hasikilizi santuri zake, anazisoma. Nilikaa naye siku mbili. Akanisimulia mji uliogawanyika kama unavyogawanyika leo kwa Simba na Yanga: huku Cuban Marimba ya Salum Abdallah, kule Morogoro Jazz ambayo baadaye Mbaraka aliing'arisha mpaka ikaenda Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970. Akanionyesha jinsi walivyokuwa wakivaa, jinsi msichana alivyoombwa kucheza, jinsi mtu alivyoweza kukosa mchumba kwa kuwa shabiki wa bendi ya upande wa pili. Nilijaza daftari zima. Na mwishoni akaniambia, macho yamelowa: "Mbaraka alipokufa kwa ajali, mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini. Nilitembea kwa miguu mji mzima."

Nikarudi Dar na daftari langu kama mtu aliyebeba dhahabu. Mzee akasoma kimya. Akafika kwenye ule msiba, akaweka kidole. "Babu kazaliwa lini?"

Mwaka 1945.

"Mbaraka kafa lini?"

Hapo nikahisi tumbo linashuka. Mbaraka Mwinshehe alikufa kwa ajali ya gari, ndiyo, lakini ilikuwa Mombasa, Januari 1979. Babu alikuwa na miaka zaidi ya thelathini, ana mke na watoto, mmoja wao mama yangu. Kijana wa miaka ishirini alikuwa nani akimlilia? Nikahesabu tena. 1965. Mwaka 1965 aliyekufa ni Salum Abdallah, naye kwa ajali ya gari.

Babu alikuwa ameiunganisha misiba miwili ikawa mmoja.

Je, babu alikuwa mwongo? Sivyo kabisa. Kila machozi aliyoyasimulia yalikuwa ya kweli. Lakini ningeyachapa vile alivyonipa, ningemzika Mbaraka miaka kumi na nne kabla ya siku yake. Nilimpigia simu. Nilikuwa naogopa, maana kumsahihisha mzee kwetu si jambo la mchezo. Kwanza alikuja juu: "Unanipima mimi, mjukuu wangu? Ulikuwapo?" Halafu akanyamaza kimya kirefu mpaka nikadhani salio limeisha. Akasema, taratibu: "Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikimlilia Salum kwa jina la Mbaraka."

Sijawahi kuandika sentensi nzuri kama hiyo, na sikuiandika mimi. Nisingeipata kama nisingehesabu.

Na majina haya si ya kuwapamba marehemu tu. Hapa kuna watu wa sheria wamealikwa, watanisahihisha nikikosea. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote, kisha miaka 50 baada ya kufa kwake. Piga hesabu. Salum Abdallah, 1965: imekwisha 2015. Mbaraka, 1979: inafika 2029. Yaani wimbo wa Mbaraka ukitiwa leo kwenye tangazo la sabuni, kuna watu wana haki ya kuulizwa. Lakini bendi zile zilikuwa na watunzi watano, sita, kila mmoja analeta wimbo wake mazoezini. Wimbo usio na jina la mtunzi, nani atamdai nani? Na hilo neno la pili la sheria, hakishiriki, ambalo sote tunalitamka kama mkia wa la kwanza, ndilo lenye haki za wale walioimba na kupiga. Ndimo alimo mpiga besi. Unamwingizaje humo mtu asiyejulikana jina?

Maprodyuza wa Bongo Fleva, nawavulia kofia, hilo walilielewa mapema. Wimbo haujaanza, umeshasikia jina la prodyuza au la studio limepigwa chapa pale mwanzoni. Watu wanawacheka, eti majivuno. Mimi sicheki tena. Kaka wa kompyuta kule nyuma, umepata jibu lako: msikilize wa kwako, huenda alikutajia na ukamruka.

Mzee ananionyesha saa. Nimemwona.

Kitabu cha kwanza alichonipa kilikuwa kidogo, jalada limechanika: wasifu wa mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad aliouandika Shaaban Robert. Nikadhani ananipa kwa ajili ya Kiswahili kizuri. Akasema hapana, angalia alichofanya. Siti, binti wa kijiji cha Fumba, Unguja, aliyekuwa akiuza vyungu, sauti yake ilifika Bombay kurekodiwa mwaka 1928. Alikwishakuwa na jina pwani nzima. Na Shaaban Robert, mtu wa Tanga, mshairi mwenye jina lake mwenyewe, alimwendea Siti akamhoji angali hai, uzeeni, muda mfupi kabla ya Siti kufariki mwaka 1950. Mzee akasema: "Huyo ndiye mkubwa wetu katika kazi hii. Hakungoja msiba."

Hakungoja msiba! Sisi je? Wadogo zangu, sisi waandishi wa burudani wa nchi hii tumekuwa watu wa misibani. Mwanamuziki akifa ndipo tunafika na kamera. Chukueni Muhiddin Maalim Gurumo. Aliimba NUTA Jazz tangu miaka ya 1960, akawa nguzo ya Mlimani Park, akapita bendi ya OSS, akarudi Msondo, ambayo ndiyo ileile NUTA Jazz kwa jina jipya. Alipostaafu mwaka 2013, Diamond Platnumz akamzawadia gari, jambo la heshima kubwa na silibezi. Aprili 2014 Mzee Gurumo akatutoka. Nilipoanza kutafuta yaliyoandikwa juu yake, kilichotangulia mbele yangu ni gari. Gari, picha ya gari, ufunguo wa gari. Ile sauti ilikuwa inaingiaje kwenye wimbo, alikuwa anaubebaje ubeti mrefu bila kukata pumzi, alijifunza kwa nani? Ya hayo nikaokota punje mojamoja, kama kuku.

Nipite upesi kwenye bahasha, kwa sababu najua mnaisubiri na najua kuna wakubwa humu hawataki niitaje.

Mwezi wa tatu wa kulelewa kwangu nilitumwa peke yangu kwenye mkutano na waandishi wa habari, msanii mmoja anazindua wimbo. Soda, sambusa, maswali matatu, halafu mlangoni kijana mmoja anagawa bahasha. "Nauli." Ndani shilingi elfu ishirini. Nikapokea. Nani asingepokea? Nilikuwa sijala mchana. Jioni nikamsimulia Mzee, nikicheka. Akauliza: "Ulikwenda kwa nini?" Kwa daladala. "Nauli shilingi ngapi?" Mia sita kwenda, mia sita kurudi. "Basi kesho peleka chenji."

Ndugu zangu, nilipeleka. Shilingi elfu kumi na nane na mia nane, zimo kwenye bahasha ileile. Meneja alicheka mpaka akashika ukuta. Na sikualikwa tena na ofisi ile, mpaka leo. Siwadanganyi kwamba kuna aliyenipongeza. Na siwahukumu waandishi wa kujitegemea wanaolipwa kwa stori, tena mwisho wa mwezi kama upepo ni mzuri. Kwa wengi wao bahasha ile ndiyo kodi ya chumba. Aliyewafikisha hapo si yule kijana wa mlangoni. Ila niwaulize swali moja. Wiki ile magazeti na redio ziliuita wimbo ule moto wa kuotea mbali. Kuna anayeukumbuka?

Sasa nafika kwenye kosa langu, halafu nakaa.

Mwezi wa tano Mzee akaniruhusu kuandika makala yangu ya kwanza ya kweli. Nikachagua bendi moja ya dansi inayopiga mwisho wa wiki, na kwa sababu mtakazoziona, siitaji. Mzee akanipa sharti moja: usiende saa tano usiku watu wakicheza, nenda saa kumi jioni vyombo vikishushwa. Nikaenda saa kumi. Nikabeba nyaya. Nikabeba stendi ya maiki. Na aliyekuwa akibeba spika kubwa peke yake, amefunga taulo kiunoni, alikuwa mpiga besi.

Nikamuuliza jina. Akageuka kuangalia nyuma, akidhani namuuliza mtu mwingine. Akasema: "Miaka thelathini na moja napiga. Wanahabari huwa wananiuliza mwimbaji yuko wapi."

Tulizungumza mpaka giza likaingia. Akanionyesha kwenye nyuzi ule ukimya niliousikia Ilala. Akasema wao hawauiti ukimya, wanauita kumpa mtu nafasi. Akasema mpiga besi mbaya anajulikana kwa kitu kimoja: anaogopa wachezaji watasahau kwamba yupo. Nikaandika kila neno. Kalamu ilikuwa inatetemeka kwa furaha.

Makala ikatoka kwenye ukurasa wa burudani wa gazeti moja, nusu ukurasa, na jina lake kwenye kichwa cha habari. Kwenye kichwa cha habari, jamani! Mpiga besi! Nikanunua nakala nne. Mama akapiga vigelegele kwenye simu. Mzee akasema "si mbaya", ambayo kwake ni kama ng'ombe kuchinjwa.

Jumatatu nikapata habari kwamba yule mpiga besi amesimamishwa bendi.

Kwa nini? Kwa sababu katika aya ya sita niliandika, kwa kumsifu, kwamba ni mchapakazi kiasi kwamba Alhamisi huwa anapiga na bendi nyingine kwenye hoteli. Deiwaka. Kila mtu anafanya deiwaka, mshahara wa bendi hautoshi hata mafuta ya kupikia. Lakini kiongozi wake alikuwa hajui, au alikuwa anajua na hajasoma gazetini. Hayo ni mambo mawili tofauti, wadogo zangu.

Nilikwenda kwa Mzee nikitetemeka. Nilimwambia: wewe ndiye uliyeniambia andika jina! Andika jina, andika jina, miezi mitano! Hakunifokea. Akauliza tu: "Hiyo ya Alhamisi, alikwambia uiandike, au alikwambia tu?"

Alikuwa ameniambia tu. Wakati tunakunja nyaya. Daftari nilikuwa nimeshaliweka mkobani.

Sikulala. Kesho yake nikapanda daladala mpaka kwa mpiga besi, mwendo wa magari mawili. Nikiwa njiani nimepanga maneno yote ya kuomba radhi. Nikamkuta nje amekaa kwenye mkeka, gitaa limelala mapajani, gazeti langu liko pembeni limekunjwa pale kwenye makala. Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikaanza: "Mzee wangu, nimekuja, mimi nimekukosea sana..."

Akasema: "Ndiyo, umenikosea."

Akalifungua gazeti. Akaweka kidole juu ya kichwa cha habari. "Hapa ni R. Wewe umeweka L."

Nikaangalia. Jina lake. Miaka thelathini na moja mtu hajawahi kulisoma jina lake gazetini, na siku alipolisoma, lilikuwa na herufi isiyo yake. Akasema: "Nimesimamishwa wiki mbili. Sawa, zitapita. Lakini nimesimamishwa kwa jina la mtu mwingine!" Na hapo akaanza kucheka, mkewe akatoka ndani kuangalia kuna nini, na mimi sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote.

Gazeti lilitoa masahihisho. Mstari mmoja na nusu, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la viwanja. Aliukata kwa wembe, akaubandika ndani ya kasha la gitaa lake. Nimeuona kwa macho yangu. Ile makala yenyewe hakuibandika.

Wiki mbili zikaisha, akarudi kazini, yuko jukwaani mpaka leo. Nilipomwambia nimealikwa kuzungumza mbele yenu, nikamwomba ruhusa safari hii, kabla, daftari likiwa wazi, kwamba nilitaje jina lake humu ndani ili angalau chumba kimoja cha waandishi kilijue. Akafikiri. Akaniuliza hotuba ni siku gani. Nikamwambia Jumanne.

Jina lake nalijua. Naweza kuwaandikia hapo ubaoni, herufi kwa herufi, na R yake mahali pake. Lakini ameniomba nisubiri. Alhamisi hii ana deiwaka.